KUHESABU MASIKIO: MAUZO YA ALBAMU ZA RAPU NA MIZANI YA MHAKIKI, KIBERA NA KAWANGWARE

Utangulizi

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya wahakiki wa sanaa ya maneno katika Afrika ya Mashariki kuupima ushairi wa rapu kwa tarakimu. Mwenye kuutetea husema kwamba albamu ya msanii fulani "imeuza". Mwenye kuubeza husema kwamba "haikuuza", na kwa hiyo haistahili kuishughulisha idara ya lugha. Pande hizi mbili, ingawa zinapingana, zina imani moja: kwamba ipo hesabu mahali fulani, ya kweli na ya haki, inayoonyesha ni watu wangapi walioipokea kazi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo. Kwanza yatatazama jinsi mauzo ya albamu yanavyohesabiwa na kuidhinishwa huko utaratibu huu ulikozaliwa, yaani Marekani. Kisha yatatazama yanayotokea utaratibu huo unapotumiwa kuwapimia marapa wa mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambako mashairi yao husikika mchana kutwa, ilhali stakabadhi ya albamu iliyonunuliwa dukani ni kitu adimu. Hoja itakayotetewa ni kwamba kila tarakimu ya mauzo ni zao la uamuzi kuhusu masikio ya nani yahesabiwe. Mhakiki asiyeujua uamuzi huo hana haki ya kuitumia tarakimu, wala hana haki ya kuutumia ukosefu wa tarakimu kama ushahidi.

Maana ya "kuuza"

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kwa sarufi ya kawaida, mtu ndiye auzaye na kitu ndicho kiuzwacho. Katika semi za siku hizi, hata hivyo, husemwa kwamba "albamu imeuza" au "wimbo unauza". Kitu kimepewa nafasi ya mtenda. Badiliko hili si kosa la kuadhibiwa na mwalimu. Lugha hai hufanya hivyo. Lakini lina athari. Pale isemwapo kwamba albamu imeuzwa, msikilizaji anaweza kuuliza: imeuzwa na nani, kwa nani, kwa bei gani? Pale isemwapo kwamba albamu imeuza, maswali hayo hupoteza pa kusimama. Muuzaji, mnunuzi na mhesabu wote wametoweka, na kazi ya sanaa imebaki kama mti uliojizalia matunda wenyewe.

Nyuma ya neno hilo moja mna matendo yasiyopungua manne. Lipo tendo la kampuni kupeleka nakala madukani. Lipo tendo la mtu kulipa fedha na kuondoka na nakala. Lipo tendo la mtu kusikiliza kwa simu, akilipia au asilipie. Na lipo tendo la hadhira kuupokea wimbo, kuukariri na kuutumia katika maneno yao ya kila siku. Matendo haya hayalingani kwa idadi, wala moja haliwezi kukisiwa kwa kulitazama jingine. Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu mauzo ya rapu hutokana na watu kuzungumzia tendo moja huku wakitoa tarakimu ya tendo jingine.

Asili ya cheti cha dhahabu

Cheti cha dhahabu, kama kijulikanavyo leo, kilianzishwa mwaka 1958 na RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi muziki ya Marekani. Kabla ya hapo makampuni yalikuwa yakiwazawadia wasanii wao sahani za dhahabu kwa kujitangazia tu, bila ya mkaguzi. Mwaka 1976 kiliongezwa cheti cha platinamu, na mwaka 1999 kile cha almasi. Kwa albamu, dhahabu ikawa ni nakala 500,000, platinamu 1,000,000, na almasi 10,000,000.

Yako mambo mawili katika utaratibu huu ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza ni kwamba kwa miaka mingi kilichohesabiwa hasa kilikuwa nakala zilizotolewa ghalani na kupelekwa sokoni, zikipunguzwa zilizorudishwa. Hiyo ni hesabu ya muuzaji wa jumla, si ya msikilizaji. La pili ni kwamba cheti hakimfuati msanii, huombwa. Kampuni huomba, hufungua vitabu vyake vikaguliwe, na hulipia. Asiyeomba hana dhahabu, hata kama nakala zake zimejaa kila nyumba. Wimbo wa "Rapper's Delight" wa kundi la Sugarhill Gang, uliotoka mwaka 1979 na kuitambulisha rapu kwa ulimwengu, haukuwa na cheti hicho wakati ulipovuma, maana kampuni iliyoutoa haikuwa ikishirikiana na chama hicho katika ukaguzi. Kundi la Run-D.M.C. ndilo lililoipatia rapu albamu yake ya kwanza ya dhahabu mwaka 1984. Msomaji wa orodha ya vyeti pekee angeweza kudhani kwamba kabla ya hapo rapu haikuwa na wanunuzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1991. Hadi wakati huo gazeti la Billboard lilipanga orodha yake ya albamu kwa kuwauliza wenye maduka ni zipi zilizokuwa zikinunuliwa sana. Jibu lilitegemea kumbukumbu, mapenzi na pengine maslahi ya mtu aliyeipokea simu. Mwezi Mei 1991 orodha hiyo ilianza kutumia mfumo wa SoundScan, ambao ulihesabu nakala zinapopitishwa kwenye mashine ya malipo. Wiki chache baadaye albamu ya kundi la N.W.A iliingia ikiwa ya pili, na mara ikashika nafasi ya kwanza. Haiyumkiniki kwamba vijana wa Marekani waliipenda rapu ghafla katika mwezi mmoja. Kilichobadilika ni chombo cha kuhesabia. Wasikilizaji walikuwapo, mizani ndiyo iliyokuwa haiwaoni.

Badiliko jingine lilikuja mwezi Februari, miaka arobaini baada ya 1976. Mwaka 2016 RIAA iliamua kwamba kusikilizwa kwa nyimbo za albamu mtandaoni mara 1,500 kuhesabiwe sawa na kuuzwa kwa albamu moja. Siku ya tangazo hilo albamu kadhaa zilipewa vyeti kwa pamoja, mojawapo ikiwa "To Pimp a Butterfly" ya Kendrick Lamar, iliyopata platinamu. Kiongozi wa kampuni ya msanii huyo mwenyewe alijitokeza hadharani kuikataa hesabu hiyo, akishikilia kwamba platinamu ni albamu milioni moja zilizouzwa kweli. Ni nadra muuzaji kuikataa sifa ya bidhaa yake. Kukataa huko kunaonyesha kwamba hata ndani ya biashara yenyewe neno "kuuza" lilikuwa limepoteza maana moja.

Hatimaye, mwaka 2018, Billboard ilitofautisha wasikilizaji kwa mifuko yao. Kwa wanaolipia huduma, usikilizaji mara 1,250 ulihesabiwa kuwa albamu moja. Kwa wasiolipia, wanaosikiliza kwa kuvumilia matangazo ya biashara, ilihitajika mara 3,750. Kwa maneno mengine, sikio la asiye na fedha lilikadiriwa kuwa thuluthi ya sikio la mwenye nazo. Kwa mfanyabiashara uamuzi huu una mantiki, kwa kuwa yeye hupima mapato. Kwa mhakiki wa fasihi ni onyo. Tarakimu inayotokana na mizani ya aina hii haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha hadhira, na hasa si hadhira ya maskini.

Nairobi: kutoka sahani hadi stika

Si kweli kwamba Kenya haikupata kuijua dhahabu. Katika enzi za sahani za santuri Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara ya muziki ya Afrika ya Mashariki. Ilikuwa na kiwanda chake cha kufyatulia santuri, na hata muziki uliorekodiwa Tanzania ulipelekwa huko kufyatuliwa. Katika miaka ya 1970 Gabriel Omolo alipewa sahani ya dhahabu kwa wimbo wake "Lunch Time", unaohusu saa ya chakula cha mchana ya wafanyakazi wa mji huo. Hesabu iliwezekana kwa sababu njia ya kuzalisha nakala ilikuwa moja. Asiye na kiwanda hakuweza kutoa santuri, na mwenye kiwanda alijua ni ngapi zimetoka.

Kanda ziliuvunja mlango huo. Mtu yeyote mwenye redio ya kanda mbili aliweza kutoa nakala sebuleni kwake, na vichochoro vya River Road, vilivyokuwa soko kuu la muziki, vikawa na nakala halali na za wizi zikikaa rafu moja. Sidii ziliurahisisha wizi huo zaidi. Marapa wa Nairobi, ambao sauti yao ilianza kusikika kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia Kalamashaka wa Dandora, walizaliwa kisanaa katika soko ambalo tayari lilikuwa halihesabiki.

Dola ilijaribu kuirudisha hesabu kwa njia ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003, iliiunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na kuweka sharti kwamba kila nakala ya muziki inayouzwa ibandikwe stika maalumu ya uthibitisho, inayonunuliwa kutoka kwa Bodi hiyo. Kwa nadharia, stika hiyo ingeweza kuwa daftari la taifa la mauzo: stika ngapi zimetolewa kwa albamu gani, mwaka gani. Lakini stika ilibuniwa ili kumtambua mwizi. Haikubuniwa ili kumtambua msikilizaji. Iliweza tu kuhesabu nakala zilizofuata sheria, na hizo zilikuwa chache. Isitoshe, simu ilipochukua nafasi ya sidii, palikuwa hapana tena kitu cha kubandika stika juu yake.

Hivyo Kenya haikujenga utaratibu wa vyeti vya mauzo vinavyotolewa baada ya ukaguzi wa kudumu, mfano wa ule wa Marekani au wa Afrika Kusini. Shirikisho la kimataifa la makampuni ya kurekodi, IFPI, lilifungua ofisi yake ya kanda mjini Nairobi mwaka 2020, na hilo ni dalili kwamba soko limeanza kutazamwa. Lakini kutazamwa kwa soko si sawa na kuhesabiwa kwa wasikilizaji wa mitaa.

Njia namba 8 na namba 46

Kibera na Kawangware ziko upande wa magharibi wa Nairobi. Wakazi wa jiji huzitambua kwa namba za njia za matatu: 8 kwa Kibera, 46 kwa Kawangware. Namba hizi zimeingia katika sanaa. Henry Ohanga, anayejulikana kwa jina la kisanaa la Octopizzo na aliyelelewa Kibera, hujiita pia Namba Nane, na jina lake lenyewe limejengwa juu ya nane hiyo. Ni jambo la kufikirisha kwamba namba ambayo rapa wa mtaa huu ameichagua kuwa nembo yake si ya mauzo. Ni namba ya gari, yaani ya safari inayowabeba watu wa mtaa wote kwa pamoja.

Safari hiyo ni mfano mzuri wa jinsi nyimbo zinavyowafikia watu. Dereva au utingo hucheza wimbo mmoja kutoka kwenye fleshi. Abiria thelathini na zaidi huusikia, wapende wasipende. Gari lifikapo mwisho wa njia hupakia wengine, na wimbo huanza tena. Jioni ikifika wimbo huo umeyafikia mamia ya masikio. Kwa kipimo cha nakala, ni nakala moja, na huenda haikununuliwa. Kwa kipimo cha mtandaoni, ni sifuri, kwa kuwa fleshi haiungani na mtandao. Vivyo hivyo katika vibanda vya vinyozi, ambako mteja hukaa chini ya spika. Na katika vibanda vya kuwekea nyimbo, ambako kijana hulipa fedha kidogo na kujaziwa mamia ya nyimbo katika kadi ya simu yake. Kijana huyo amenunua. Ametoa fedha, amepokea mali. Lakini aliyelipwa ni mwenye kompyuta, si mwenye shairi, na hakuna daftari lolote linaloweza kusema alinunua nini.

Mlio wa Skiza wa kampuni ya Safaricom unatoa mfano wa ajabu zaidi. Mwenye simu hulipia kipande cha wimbo ambacho yeye mwenyewe hakisikii. Husikiwa na anayempigia. Mnunuzi na msikilizaji ni watu wawili tofauti, na anayehesabiwa ni mmoja tu, mnunuzi. Msikilizaji wa Skiza hakuchagua wimbo, hakuulipia, na mara nyingi hukatizwa katikati ya mstari simu inapopokewa. Kwa upande wa mapato, hii ni mojawapo ya njia zilizo wazi: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba msanii au mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Ni hesabu inayoweza kudaiwa mahakamani. Lakini inahesabu mapambo ya simu. Haituambii kama kuna mtu aliyelisikia shairi hadi mwisho.

Ni kweli kwamba zipo takwimu za mtandaoni, na tangu Spotify ilipoingia Kenya mwaka 2021 zimeongezeka. Lakini hizo nazo zina mpaka. Simu moja inayozungukwa na vijana watano huandika usikilizaji mmoja. Kijana mmoja anayeurudia wimbo mara hamsini huandika hamsini. Mwenye vifurushi vingi vya data huwa na uzito kuliko yule anayesubiri kurushiwa wimbo kutoka simu ya rafiki yake. Basi hata hapa tarakimu huelekea kwenye mfuko.

Onyo la hesabu ya watu

Kutokana na hayo pengine mtu angesema: ikiwa vyombo vya kuhesabia haviwaoni wasikilizaji wa Kibera, basi na tuamini sauti ya mtaa, isemayo kwamba kila mtu anaujua wimbo fulani. Hapa ndipo penye mtego wa pili, na Kibera yenyewe ndiyo mwalimu. Kwa miaka mingi iliandikwa katika vitabu, magazeti na ripoti za mashirika kwamba mtaa huu una watu milioni moja, au hata zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipofanywa, ilihesabu watu 170,070. Wapo walioipinga takwimu hiyo. Lakini jambo la msingi halikupingika: tarakimu ya milioni ilikuwa imepokezanwa kutoka mwandishi hadi mwandishi, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia. Ilikuwa na manufaa kwa wengi, na kwa hiyo haikuulizwa vyeti vyake.

Tukiliweka jambo hili pamoja na vyeti vya muziki tunapata picha yenye kufundisha. Kwa mujibu wa sensa hiyo, kila mkazi wa Kibera, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, angelazimika kununua nakala tatu za albamu moja ili ifikie dhahabu ya Marekani. Hivyo kumpima rapa wa Kibera kwa dhahabu hiyo ni dhihaka. Lakini pia, mhakiki anayesema kwamba "Kibera nzima" imeukariri wimbo fulani anarudia kosa la milioni moja. Mapenzi kwa maskini hayampi mtu ruhusa ya kubuni idadi yao.

Ukosefu wa hesabu na haki ya fanani

Isidhaniwe kwamba suala hili ni la kinadharia tu. Hesabu ndiyo inayogawa fedha. Vyama vya kukusanya mirabaha vya Kenya, yaani MCSK cha watunzi, KAMP cha watayarishaji na PRISK cha watumbuizaji, vilikuwa vikitoza leseni kwa redio, kwa mikahawa, na hata kwa matatu. Yaani matatu ya njia namba 46 ilidaiwa fedha kwa kuwa ilicheza muziki. Ugumu huja wakati wa kugawa. Ili fedha hizo zimfikie mshairi anayechezwa humo, lazima pawepo mtu au mashine iliyoandika kwamba shairi lake lilichezwa. Redio kubwa zinaweza kufuatiliwa. Ndani ya matatu hakuna mwandishi wa daftari. Redio ndogo ya jamii, kama Pamoja FM iliyoanzishwa Kibera mwaka 2007, ikiwa orodha ya nyimbo zake haikukusanywa, katika mgao huwa kama haikupiga wimbo wowote.

Mwaka 2019 MCSK ilitangaza mgao wa jumla ambao ulimpa kila mwanachama shilingi 2,530. Wasanii walilalamika sana, na malalamiko mengi yalihusu uchache wa fedha. Lakini usawa wa kiasi hicho ulistahili kufikiriwa zaidi kuliko uchache wake. Mgao wa jumla ni mgao wa mahali pasipo hesabu. Mtu ambaye wimbo wake ulichezwa kila siku na mtu ambaye wimbo wake haukuchezwa kabisa hupokea sawa, kwa sababu hakuna anayejua nani ni nani. Usawa wa namna hii haumo katika haki. Ni sura nyingine ya giza.

Kwa hiyo mhakiki anayezidharau tarakimu zote, akidai kwamba sanaa iko juu ya biashara, anazungumza kwa raha ya mtu mwenye mshahara. Fanani wa Kawangware anahitaji kuhesabiwa ili ale. Anachostahili kudai mhakiki ni kwamba hesabu ya malipo ifanywe vizuri, na kwamba isigeuzwe kuwa hesabu ya thamani.

Muyaka na Siti

Fasihi ya Kiswahili ina uzoefu mrefu wa kazi zilizopokewa bila ya kuhesabiwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, hayakuchapishwa katika uhai wake. Hayakuwa na muuzaji wala mnunuzi. Yalikaa katika vinywa vya watu wa Mombasa, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya akisaidiana na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Diwani yake ilitoka mwaka 1940 kwa uhariri wa W. Hichens, na mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake unaomweka Muyaka katika siasa na maisha ya mji wake. Lau kama Sikujua angengoja ushahidi wa mauzo, Muyaka asingekuwapo leo katika mitaala ya vyuo vikuu.

Siti binti Saad yuko upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa, na sauti yake ikawa bidhaa yenye nakala na bei. Kampuni iliweza kujua santuri ngapi zimetoka. Lakini santuri moja iliyochezwa barazani Unguja haikuwa na msikilizaji mmoja, na waliosimama nje ya baraza hawakuandikwa popote. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, alichokihifadhi ni maisha na heshima ya msanii, jambo ambalo daftari la kampuni lisingeweza kulifanya.

Rapa wa Kibera yuko katikati ya hawa wawili. Kama Siti, ana bidhaa. Kama Muyaka, hadhira yake kubwa iko nje ya daftari. Hatari yake ni kukosa vyote viwili: kutohesabiwa na soko, na kutokusanywa na wasomi, kwa kuwa wasomi wamelisubiri soko liwaambie nani anastahili.

Wajibu wa mhakiki

Mambo matatu yanaweza kupendekezwa. La kwanza, kila tarakimu ya mauzo inapotajwa katika uhakiki itajwe pamoja na ukoo wake: nani alihesabu, alihesabu nini kati ya yale matendo manne, na kwa faida ya nani. Tarakimu isiyo na ukoo iachwe, hata ikiwa tamu.

La pili, upokezi wa ushairi huu utafutwe mahali ambapo idara ya lugha ina ujuzi zaidi ya wakaguzi wa hesabu, yaani katika lugha. Neno la Sheng lililotoka katika ubeti na kuingia katika mazungumzo ya sokoni Toi. Msemo uliochorwa ubavuni mwa matatu. Kijibwagizo kinachoimbwa na watoto wa Gatwekera au Gatina wasiomjua mtunzi wake. Rapa mdogo anayemjibu mkubwa kwa kuigeuza mizani yake: haya yote ni ushahidi wa kupokewa, na yanaweza kuandikwa kwa tarehe, mahali na jina la kazi. Ushahidi huu hautatoa idadi, na usilazimishwe kuitoa. Utaonyesha ni kwa namna gani shairi limeishi, jambo ambalo milioni moja za mtandaoni haziwezi kulionyesha.

La tatu, matini zikusanywe sasa. Fleshi hufutwa, kadi za simu hupotea, studio za mtaani hufungwa na mashine zake kuuzwa. Sikujua aliwakuta wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Mkusanyaji wa rapu ya Kibera na Kawangware atakuta kumbukumbu iliyohifadhiwa katika vifaa vya bei rahisi ambavyo umri wake ni mfupi kuliko wa mzee.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba cheti cha mauzo si kioo cha hadhira. Kilianza kama hesabu ya ghala, kikawa hesabu ya mashine ya malipo, kisha hesabu ya usikilizaji uliopimwa kwa uwezo wa kulipa. Na kila kilipobadilika, baadhi ya wasikilizaji walitokea na wengine wakafichika, bila ya ushairi wenyewe kubadilika hata silabi moja. Nairobi ilipoteza hesabu yake pamoja na kiwanda chake cha santuri, na stika haikuweza kuirudisha. Mitaa ya njia namba 8 na namba 46 imebaki na ushairi unaosikika sana na kuandikwa kidogo.

Idara za lugha haziwezi kumlipa fanani wa mitaa hiyo anachodai kwa matatu, kwa redio na kwa makampuni ya simu. Hilo ni deni la wengine, na yafaa likumbushwe. Lakini lipo deni ambalo ni la idara zenyewe. Ni kuyasoma mashairi hayo kama mashairi, ubeti kwa ubeti, bila ya kumwuliza mtunzi kwanza ameuza ngapi.